Kuvaa barakoa kwa muda mrefu: Lipi la kweli, lipi la uzushi?

Na Tabibu Wetu

 

Leo tunazungumzia barakoa, hii ya kuziba pua na mdomo. Huenda wapo watakaosema kuwa mada hii imepitwa na wakati, kwa kuwa Shirika la Afya Duniani lilitangaza Mei 5, 2023 kwamba corona si tena dharura ya kimataifa. Lakini ukweli ni kwamba barakoa haikuondoka na corona. Mgonjwa wa kifua kikuu anaivaa. Muuguzi anaivaa kutwa nzima. Kijana wa mashine ya kusaga anaivaa kwa ajili ya vumbi la unga, na fundi seremala kwa ajili ya vumbi la mbao. Mahujaji wetu wanashauriwa kuivaa kwenye msongamano wa Makka na Madina. Na kila yakizuka mafua makali mjini, watu wanaifungua droo na kuitoa tena.

Pamoja na hayo, lile swali la mwaka 2020 bado liko palepale: Je, kuvaa barakoa kwa saa nyingi kuna madhara kwa mwili? Wapo wanaosema kuwa barakoa inamnyima mtu hewa, inaharibu mapafu na hata kuua. Wapo pia wanaosema kuwa haina madhara ya aina yoyote na anayelalamika ni mdekaji. Makundi yote mawili yamekosea, na kila kosa lina majeruhi wake. Wa kwanza anaivua mbele ya mtu anayekohoa kifua kikuu. Wa pili anaendelea kuvaa kitambaa kichafu, kilicholowa, mpaka uso unachubuka, na asithubutu kumwambia mtu.

Muislamu hukatazwa kufuata jambo asilolijua, na hukatazwa pia kujidhuru na kudhuru wengine. Hivyo basi, tuliangalie jambo hili kwa utulivu.

Barakoa si ya aina moja

Kwanza tukumbuke kuwa neno hili si geni kwetu. Watu wa mwambao wanalijua barakoa tangu zama za mabibi wa Zanzibar na Oman, waliokuwa wakivaa kificha uso kilichotariziwa. Asili yake ni Kiarabu. Leo tunaposema barakoa tunakusudia vitu vitatu tofauti, na ubishi mwingi unatokana na kuvichanganya.

Ya kwanza ni barakoa ya kitambaa, inayoshonwa na fundi kwa kitenge, kanga au pamba. Inafuliwa na kurudiwa.

Ya pili ni barakoa ya hospitali, ile nyepesi ya rangi ya bluu au kijani, yenye tabaka tatu na kiwaya cha kubana puani. Hii ni ya kutumia mara moja na kutupwa.

Ya tatu ni ile ngumu aina ya N95, iliyotengenezwa ili ishike uso pande zote, hewa isipite pembeni. Hii hutumiwa hasa na wahudumu wa afya wanaokaa karibu na wagonjwa wa maradhi ya hewa, na wafanyakazi wa sehemu zenye vumbi jingi. Ni barakoa nzito kuliko zote kwa mvaaji, na ndiyo inayoongoza kwa malalamiko. Mtu akisoma habari za madhara ya N95 iliyovaliwa saa nyingi wodini, halafu akazihamishia kwenye kitambaa alichovaa nusu saa sokoni, amelinganisha vitu viwili visivyolingana.

Je, barakoa inamkosesha mtu hewa?

Hili ndilo dai kubwa, basi tulianze. Hewa tunayovuta ina oksijeni takriban asilimia 21, na kabonidioksaidi kiasi kidogo mno, kama asilimia 0.04. Hewa tunayotoa ina oksijeni takriban asilimia 16 na kabonidioksaidi asilimia 4 hivi. Wanaodai kuwa barakoa inaua husema kuwa ile hewa tuliyoitoa inakwama ndani, tunaivuta tena, na damu inajaa sumu.

Hoja hii inasahau mambo mawili. La kwanza ni ukubwa wa vitu. Chembe ya oksijeni au ya kabonidioksaidi ni ndogo mno, mamia ya mara kuliko kirusi cha corona, na kirusi chenyewe aghalabu husafiri ndani ya tone la mate au ya unyevu lililo kubwa kuliko yeye. Tone hunaswa na nyuzi, lakini hewa hupita. Ni sawa na chujio la chai: majani yanabaki, maji yanashuka.

La pili ni kiasi cha hewa. Mtu mzima aliyetulia huvuta kama nusu lita kwa pumzi moja. Nafasi iliyopo kati ya uso na barakoa ni ndogo ukilinganisha na hiyo, na barakoa ya kitambaa au ya hospitali inavuja pembeni, kwa hiyo hewa inabadilika kila pumzi.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2020 watafiti wa Canada waliwavisha barakoa ya kawaida ya tabaka tatu wazee 25, wastani wa umri wao ukiwa zaidi ya miaka 76, na kuwapima oksijeni ya damu kwa kifaa cha kidoleni, saa moja kabla ya kuvaa, saa moja wakiwa wamevaa, na saa moja baada ya kuvua. Wastani ulikuwa asilimia 96.1 kabla, 96.5 wakiwa wamevaa, na 96.3 baada ya kuvua. Yaani oksijeni haikushuka. Wazee hao walikuwa wametulia nyumbani, hawakuwa wakibeba magunia. Utafiti ule haukuwahusisha watu ambao tayari wana shida ya kupumua wakiwa wamepumzika.

Ama N95 iliyobana, huko ni kweli kwamba mvaaji hupumua kwa juhudi zaidi, na kabonidioksaidi ndani yake huongezeka kidogo. Mtu mwenye afya mwili wake huhimili hilo, ingawa atahisi joto, uzito na pengine kuumwa kichwa. Ndiyo maana wahudumu wanaoivaa wanahitaji mapumziko, na mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu anatakiwa kuzungumza na daktari kabla ya kupangiwa kazi ya kuivaa.

Basi jawabu ni hili: barakoa ya kitambaa au ya hospitali haimnyimi oksijeni mtu mzima mwenye afya. Ile hisia ya kubanwa ni ya kweli, lakini hisia ya joto na unyevu usoni si upungufu wa oksijeni ndani ya damu.

Madhara yaliyo ya kweli

Sasa tuje kwenye madhara ambayo hayana ubishi. Kwa kawaida si ya kuua, lakini yanakera, na mengine yakiachwa huleta vidonda.

Ngozi. Hili ndilo linaloongoza. Chini ya barakoa kuna joto, jasho, mvuke wa pumzi na msuguano. Vinyweleo vinaziba na chunusi zinatoka, ngozi inawasha, na kwenye mgongo wa pua na nyuma ya masikio inachubuka. Baada ya ugonjwa wa SARS wa mwaka 2003, watafiti wa Singapore waliwahoji wahudumu wa afya 307. Zaidi ya theluthi ya waliokuwa wakivaa N95 mara kwa mara walilalamikia ngozi: chunusi, kuwashwa na vipele. Kwa barakoa ya kitambaa kuna sababu nyingine inayosahauliwa, nayo ni rangi ya kitambaa kipya na sabuni ya unga isiyosuuzwa vizuri. Kitenge kipya kishonwe baada ya kufuliwa, na sabuni isuuzwe mpaka povu liishe kabisa.

Kichwa. Kamba zinazobana, kutokunywa maji kwa kuogopa kuvua barakoa, na kukosa usingizi zamuni, vyote huleta maumivu ya kichwa. Singapore hiyohiyo, mwaka 2020, wahudumu 158 waliokuwa wakivaa N95, wengine pamoja na miwani ya kinga, walihojiwa, na asilimia 81 walisema kuwa walipata maumivu ya kichwa yanayohusiana na mavazi hayo. Maumivu ya aina hii kwa kawaida huondoka muda mfupi baada ya kuvua. Yanayobaki siku nzima au kuamsha usingizini yatafutiwe sababu nyingine, ikiwemo shinikizo la damu.

Macho. Barakoa isiyobanwa puani hupuliza pumzi juu, kwenye macho. Machozi hukauka, macho yanawasha kama yana mchanga, na mwenye miwani anaona ukungu. Dawa ya hili si matone ya kununua ovyo dukani, bali ni kubana vizuri kile kiwaya cha puani.

Kinywa. Mtu aliyevaa barakoa mara nyingi hupumua kwa mdomo na hunywa maji kidogo. Mate yanakauka na harufu ya kinywa inaongezeka. Wengi husema kuwa barakoa imewaletea harufu, kumbe imewaonyesha iliyokuwepo. Hapa sunna ya mswaki inatosheleza: kabla ya swala, baada ya kula, na wakati wa kuamka.

Joto. Shirika la Afya Duniani limeeleza tangu mwaka 2020 kwamba barakoa isivaliwe wakati wa mazoezi mazito, kwani jasho huilowesha na kufanya kupumua kuwa kugumu. Anayepakua mizigo au kulima juani yuko katika hukumu hiyo. Akiwa peke yake penye hewa wazi hana haja nayo, isipokuwa kama kuna vumbi la kudhuru.

Mawasiliano. Kiziwi anayesoma midomo huachwa nje ya mazungumzo, na mzee mwenye usikivu mdogo hukubali kila kitu bila kusikia. Katika duka la dawa hili lina hatari yake, kwani mgonjwa anaweza kusikia mara tatu palipotajwa mara moja. Muulizaji asione haya kuomba maelekezo yaandikwe.

Hatari kubwa ni barakoa chafu

Ukiniuliza mimi kama tabibu ni hatari gani ya barakoa inayonishughulisha zaidi, sitakutajia kabonidioksaidi. Nitakutajia uchafu.

Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Hanoi, nchini Vietnam, katika hospitali 14, ukiwahusisha wahudumu wa afya 1,607. Waliopewa barakoa za kitambaa walipata maradhi ya kupumua zaidi kuliko waliopewa za hospitali. Watu wengi wakachukua habari hiyo na kusema kuwa kitambaa ni sumu. Lakini watafiti haohao walirudi mwaka 2020 na kuchunguza suala la ufuaji. Wakakuta kuwa wahudumu ambao barakoa zao zilifuliwa na idara ya ufuaji ya hospitali walikuwa salama sawasawa na waliovaa za hospitali. Hatari ilikuwa kwa wale waliofua wenyewe kwa mikono. Kwao ilikuwa takriban mara mbili.

Tafakari hapo, ndugu msomaji. Kitambaa kilikuwa kilekile, na kilichotofautiana ni usafi. Sisi ambao dini yetu imeifanya tahara kuwa ufunguo wa swala, tulipaswa kuwa wa kwanza kulielewa hili.

Lakini tazama mazoea yetu. Barakoa inavaliwa wiki nzima bila kufuliwa. Inashushwa kidevuni penye jasho, kisha inapandishwa mdomoni. Inawekwa mfukoni pamoja na noti, au inatundikwa kwenye kioo cha gari. Za hospitali zinafuliwa na kuanikwa ili zitumike tena, ilhali maji na sabuni huharibu ule utando wa kati unaonasa vijidudu. Na wakati wa corona ilikuwa si ajabu kuona watu mlangoni mwa ofisi wakiazimana barakoa moja, huyu akitoka anamvisha anayeingia. Kuvaa barakoa ya mwenzako iliyolowa mate yake ni vibaya kuliko kuingia bila kitu.

Lipo dai jingine linalohusu uchafu, kwamba waliokufa katika homa ya mafua ya mwaka 1918 waliuawa na bakteria wa barakoa zao. Dai hili linanasibishwa na makala ya kitaalamu ya mwaka 2008 iliyoandikwa na Morens, Taubenberger na Fauci. Makala hiyo ipo, na inasema kweli kwamba wengi wa waliokufa waliuawa na nimonia ya bakteria iliyofuatia mafua. Lakini haisemi popote kuwa chanzo chake ni barakoa. Bakteria hao huishi puani na kooni mwa watu, na mafua makali yakishachubua njia ya hewa hupata mwanya wa kushuka mapafuni.

Nani awe na hadhari zaidi?

Mtoto wa chini ya miaka miwili asivishwe barakoa kabisa. Njia yake ya hewa ni nyembamba na hawezi kuivua mwenyewe akizidiwa. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF walishauri kwamba watoto wa miaka mitano na chini yake wasilazimishwe kuvaa. Walimu wa madrasa walizingatie hili. Mama mwenye corona au kifua kikuu anayenyonyesha ndiye anayevaa, si mtoto wake.

Asivishwe pia mtu aliyepoteza fahamu, aliyelewa dawa za usingizi, au mwenye ulemavu usiomwezesha kuivua. Na mtu yeyote asilale nayo.

Mwenye pumu anaweza kuvaa barakoa nyepesi ikiwa ugonjwa wake umedhibitiwa, huku dawa yake ya kuvuta ikiwa mfukoni. Akianza kubanwa, avue kwanza, atoke penye watu, atumie dawa yake.

Wapo pia ambao kuzibwa uso huwaletea hofu kali: moyo unadunda, mikono inakufa ganzi, wanahisi wanakufa. Hawa wasichekwe. Wasaidiwe kutoka nje, wavue, wapumue taratibu mpaka watulie.

Usiisingizie barakoa

Hapa ndipo penye jambo kubwa kuliko yote niliyoyaandika, nami naomba lisomwe kwa sauti nyumbani.

Mtu aliyebanwa na pumzi kwa sababu ya barakoa hupata nafuu ndani ya dakika chache akiivua. Ikiwa ameivua, amekaa penye hewa, na bado anahema, basi hiyo si barakoa. Inaweza kuwa nimonia. Inaweza kuwa moyo uliochoka, hasa kama miguu imevimba na hawezi kulala bila mito miwili au mitatu. Inaweza kuwa upungufu wa damu, na kwa mama mjamzito hilo ni la kuogopwa sana. Inaweza kuwa kifua kikuu.

Zahanati tunawapokea watu waliokaa nyumbani wiki kadhaa wakiamini kuwa ni barakoa za kazini tu, kumbe kifua kinaharibika. Kwa hiyo dalili hizi zimfikishe mtu hospitali siku hiyohiyo: kuhema akiwa amekaa, midomo au kucha kuwa za bluu, maumivu ya kifua, kuchanganyikiwa, au kukohoa damu. Na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni, jasho la usiku na kupungua uzito ni cha kupimwa makohozi. Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Ugonjwa huu unatibika, na dawa za kawaida humalizika kwa miezi sita.

Barakoa na ibada zetu

Hapa natoa maelezo ya afya, na yanayohitaji fatwa nawaachia masheikh.

Swala. Imepokewa kutoka kwa Abu Hurayra (RA), katika Sunan Abi Dawud, kwamba Mtume (SAW) alikataza mtu kufunika mdomo wake ndani ya swala. Wanachuoni wameeleza kuwa hilo ni makuruhu pasipo haja, na haja huondosha ukaraha. Mwenye kikohozi au anayeswali penye maradhi ana haja. Na barakoa haifuniki paji la uso, kwa hiyo haizuii sijda. Lakini ikiwa mtu anakohoa sana na ana homa, kuswali nyumbani ni bora kwake na kwa wenzake, kuliko kutegemea kitambaa. Tumefundishwa pia kuwa Mtume (SAW) alipopiga chafya alifunika uso kwa mkono au nguo yake. Adabu hiyo inafaa hata kwa asiye na barakoa.

Udhu. Mwenye kutawadha kisha akavaa barakoa juu ya uso unaotiririka maji, ameilowesha tangu mwanzo. Akaushe uso na ndevu kwanza. Kwa upande mwingine, udhu ni fursa: mara tano kwa siku uso unaoshwa, ngozi inapumzika, pua inasukutuliwa. Muuguzi au mfanyakazi wa mashine anayeitumia fursa hii, ngozi yake hupata nafuu.

Ndevu. Barakoa ya hospitali haina shida na ndevu. N95 haishiki vizuri juu ya ndevu, hewa inapita pembeni. Mhudumu mwenye ndevu asijidanganye kuwa amekingwa, bali aueleze uongozi wake mapema atafutiwe kinga ya aina nyingine au apangiwe sehemu nyingine.

Niqabu. Dada zetu huuliza kama niqabu ina madhara kama ya barakoa, au kama inatosha badala yake. Niqabu huning'inia, hewa inapita chini, kwa hiyo haibani pumzi. Kwa sababu hiyohiyo haichuji. Anayemuuguza mgonjwa wa kifua avae barakoa ndani ya niqabu, na niqabu yenyewe ifuliwe kama nguo nyingine.

Hijja. Kwenye tawafu, mabasi na mahema, barakoa husaidia dhidi ya mafua na kikohozi cha mahujaji. Lakini joto la Makka si la mchezo. Katika hijja ya mwaka 2024 serikali ya Saudi Arabia ilitangaza vifo 1,301, wengi wao wakiwa watu wasio na vibali waliotembea mbali juani bila kivuli. Hujaji aliye peke yake penye jua kali avue barakoa, anywe maji, atafute kivuli, na akiona kizunguzungu asiseme ni barakoa tu akaendelea kutembea. Mwanamke aliye katika ihramu amuulize sheikh wa kundi lake kabla ya safari kuhusu kuvaa barakoa na suala la fidia.

Utaratibu wa nyumbani

1. Osha mikono kabla ya kuvaa na baada ya kuvua. Shika kamba, usishike sehemu ya mbele.

2. Kila mtu awe na zake. Za kitambaa ziwe tatu au zaidi, zenye tabaka tatu, moja mwilini, moja kamba ya kuanikia, moja kabatini.

3. Ikilowa, badili, hata kama ni saa moja tu imepita. Ya hospitali usiivae kutwa nzima. Itupwe ikilowa, ikichafuka au ikichanika.

4. Ya kitambaa ifuliwe kila siku kwa sabuni na maji ya moto, isuuzwe vizuri, ianikwe juani mpaka ikauke kabisa, kisha ipigwe pasi. Isifuliwe beseni moja na vyombo vya chakula.

5. Usiivae kidevuni wala shingoni. Ukiivua kwa muda, iweke kwenye bahasha au mfuko safi wa karatasi.

6. Anayevaa saa nyingi atoke penye hewa wazi, mbali na watu, kila baada ya saa mbili hivi: avue, anywe maji, afute jasho.

7. Ngozi ipakwe mafuta mepesi nusu saa kabla ya kuvaa. Usipake mafuta mazito ya mgando chini ya N95, yanaifanya iteleze na kuachia. Penye kidonda weka plasta nyembamba au pumzika kuivaa mpaka kipone.

8. Zilizotumika zitupwe kwenye pipa lenye kifuniko au zichomwe shimoni. Zisitupwe barabarani watoto wakazichezea.

9. Fungua madirisha. Hewa inayozunguka chumbani ni kinga isiyo na gharama, na barakoa haichukui nafasi yake.

Tupime faida na madhara

Msomaji anaweza kusema: ikiwa barakoa inaleta chunusi na kichwa, kwa nini tusiiache moja kwa moja? Jawabu ni mizani. Mwaka 1910 na 1911 ilipozuka tauni ya mapafu huko Manchuria, China, daktari Wu Lien-teh aliwaamuru watu wavae barakoa za shashi na pamba. Daktari wa Kifaransa, Gérald Mesny, hakukubaliana naye, akawahudumia wagonjwa bila kuvaa, na baada ya siku chache akafa kwa tauni hiyohiyo.

Na karibu na zama zetu, mwaka 2020 hadi 2021, ulifanyika utafiti katika vijiji 600 nchini Bangladesh, nchi ya Waislamu wenzetu, ukiwahusisha watu zaidi ya 340,000. Barakoa ziligawiwa bure na misikiti ilishiriki katika kuhamasisha. Uvaaji ulipanda kutoka asilimia 13 hadi 42, na katika vijiji vilivyopewa barakoa za hospitali, wagonjwa wa corona waliothibitika kwa kipimo cha damu walipungua kwa asilimia 11. Kwa wenye umri wa miaka 60 na zaidi ilikuwa asilimia 35. Kwa za kitambaa, faida haikuonekana wazi kiasi hicho. Tafiti nyingine hazikupata faida kubwa, hasa pale ambapo watu hawakuvaa ipasavyo. Basi barakoa si ngao isiyopenyeka, wala si kitanzi. Ni chombo, na chombo kina mahali pake.

Mahali pake ni palipo na mgonjwa, msongamano au vumbi. Palipo na hewa wazi na mtu yuko peke yake, aivue apumzike. Na nyumba yenye mgonjwa wa kifua kikuu aliyeanza dawa hivi karibuni, barakoa safi usoni mwake kwa wiki hizo za mwanzo, pamoja na madirisha wazi na dawa bila kuruka siku, ni sadaka anayowapa watoto wake. Kero ya ngozi inatibika kwa maji na mafuta. Mapafu ya mtoto yaliyoambukizwa yanahitaji miezi ya matibabu.

Tunamuomba Allah (SW) atujaalie afya njema, awaponye wagonjwa wetu, na atufanye miongoni mwa wanaosikiliza maneno wakafuata yaliyo bora. Tukutane wiki ijayo, Insha Allah.

Wallahu a'alam.